Kitabu Nilichomnyang'anya Mwanangu

Mwezi huu sitawaandikia juu ya mapishi wala matumizi ya fedha nyumbani. Nataka tuzungumze juu ya vitabu wanavyosoma watoto wetu, hasa zile hadithi za kubuni zinazohusu sayansi, safari za angani na viumbe wa ajabu. Nitaanza kwa kuungama kosa langu, ili mama aliye njiani kulitenda ageuke mapema.

Mwanangu wa kwanza alikuwa kidato cha pili, shule ya bweni. Ana kigugumizi kidogo tangu utotoni, nasi nyumbani tumekizoea. Likizo moja alirudi akiwa mkimya kupita kawaida. Akimaliza kufagia uwanja na kuchota maji, anajifungia chumbani. Usiku mmoja niliona taa inawaka mpaka saa saba. Niliingia bila kubisha hodi. Nikamkuta amelala kifudifudi, mbele yake kitabu cha Kiingereza alichonunua kwa wauza vitabu vya mitumba, na juu ya jalada kuna jitu la kutisha lenye mishono usoni.

Nilikinyakua. Nikamwambia kwamba vitabu vya mashetani havitakaa katika nyumba inayosali. Alihangaika na neno la kwanza, kisha akaniuliza, "Mama, umeshakisoma?" Swali lile lilinikasirisha kuliko kitabu chenyewe. Nikatamka neno ambalo mpaka leo natamani ningelimeza: "Hata sijui nimezaa kitu gani."

Nikakifungia kitabu sandukuni, chini ya vitenge. Mtoto hakulia. Lakini kwa siku tatu hakunitazama machoni.

Siku ya nne, wote walipokuwa wametoka, nilifungua sanduku. Nilikusudia kutafuta kurasa mbaya nimwonyeshe baba yake. Kitabu kiliitwa Frankenstein, toleo lililofupishwa kwa ajili ya wanafunzi. Nilikisoma pole pole, kamusi ikiwa pembeni. Nilipofika mwisho, maharagwe yalikuwa yameungua jikoni, na mimi nilikuwa nalia.

Kiumbe asiye na jina

Kitabu hicho kiliandikwa na mwanamke wa Kiingereza, Mary Shelley. Alianza kukiandika mwaka 1816 akiwa na umri wa miaka 18, naye alikwisha kuonja uchungu ambao wengi wetu tunaujua. Mama yake alifariki siku chache tu baada ya kumzaa. Mwaka 1815 yeye mwenyewe alizaa mtoto wa kike kabla ya wakati, na mtoto huyo hakuishi hata mwezi mmoja. Kati ya watoto wanne aliowazaa, ni mmoja tu aliyefikia utu uzima. Maisha yake hayakuwa ya kuigwa katika kila jambo, lakini juu ya kuzaa na kupoteza alijua anachokisema. Kitabu kilitoka mwaka 1818, na wataalamu wengi wanakihesabu kuwa mwanzo wa hadithi za kisayansi.

Watu wengi hudhani Frankenstein ni jina la lile jitu. Sivyo. Ni jina la kijana msomi aliyeliumba kutokana na viungo vya maiti. Jitu lenyewe halina jina, kwa sababu aliyeliumba hakulipa. Usiku ule lilipofungua macho, yeye aliona ubaya wa sura yake, akakimbia. Kiumbe kikabaki peke yake duniani, bila wa kukilisha wala wa kukifundisha. Kilijificha karibu na nyumba ya familia maskini, kikawachungulia kupitia ufa wa ukuta, kikajifunza kusema kwa kuwasikiliza. Usiku kiliwakusanyia kuni kwa siri. Siku kilipojitokeza kuomba urafiki, mzee kipofu alikipokea kwa upole, lakini mwanawe aliporudi na kuona sura yake alikipiga na kukifukuza. Ndipo moyo wake ulipogeuka kuwa wa kuua.

Akina mama, mimi nilitafuta shetani katika kitabu kile, nikakuta mzazi aliyemkimbia mwanawe. Nikakumbuka maneno niliyomwambia wangu. Yule msomi naye alimtazama kiumbe wake akajiuliza ameumba kitu gani. Mungu, kwa kinywa cha nabii Isaya (49:15), anasema kwamba hata kama mama aweza kumsahau mtoto anyonyaye, Yeye hatatusahau. Nilipofunga kitabu nilijiona kuwa mimi ndiye mama yule.

Mti wenye matawi mengi

Tangu siku ile nimekuwa nikiazima na kununua vitabu vya aina hii, kwanza ili nimlinde mwanangu, baadaye kwa kuvipenda. Nimegundua kwamba ni mti mmoja wenye matawi mengi, na mama akiyajua matawi hayo hatahukumu kwa kutazama jalada.

Tawi la kwanza ni la safari. Mfaransa Jules Verne, mwaka 1865, alitunga hadithi ya watu watatu wanaorushwa kuelekea mwezini kutoka jimbo la Florida, Marekani. Mwaka 1969 watu watatu walirushwa kweli kutoka Florida hiyo hiyo, na wawili kati yao wakakanyaga mwezi. Nikisoma tawi hili naikumbuka Zaburi ya nane, pale mtunzi anapotazama mbingu na kushangaa kwamba Mungu anamkumbuka mwanadamu.

Tawi la pili ni la uvamizi kutoka sayari nyingine. Mwingereza H. G. Wells alitoa kitabu cha namna hiyo mwaka 1898. Watu wa sayari ya Mirihi wanashuka Uingereza na silaha za moto, na hakuna jeshi linaloweza kuwazuia. Mwandishi mwenyewe anawakumbusha wasomaji wake jinsi Wazungu walivyowaangamiza wenyeji wa kisiwa cha Tasmania. Sisi hatuhitaji kwenda mbali. Mwaka huo huo wa 1898, Mtwa Mkwawa wa Wahehe alijiua badala ya kukamatwa na Wajerumani. Wells aliwafanya Waingereza waonje, walau katika hadithi, jinsi inavyokuwa kuvamiwa. Na mwisho wake? Wavamizi wanauawa na vijidudu visivyoonekana kwa macho. Wenye nguvu wanaangushwa na kilicho kidogo kuliko vyote.

Tawi la tatu linaonyesha dunia ya kesho iliyoharibika, na ndilo linalonitisha zaidi. Mwaka 1932 Aldous Huxley alieleza nchi ambayo watoto hawazaliwi bali wanatengenezwa katika chupa, kila mmoja kwa kazi aliyopangiwa. Akisikia huzuni, mtu humeza dawa ya kumsahaulisha. Katika nchi hiyo neno "mama" limekuwa neno la aibu, watu hulisikia wakaona haya. Nilisoma sehemu hiyo nikiwa nimechoka, nguo za kufua zimejaa beseni, mtoto wa mwisho analia homa mgongoni. Nikasema moyoni, nchi isiyo na uchungu itakuwa pia nchi isiyo na mama. Nilimshukuru Mungu hata kwa uchovu wangu.

Neno lililonigusa jikoni

Liko pia tawi la roboti, zile mashine zinazofanya kazi kama watu. Neno hilo lilienea duniani kutokana na mchezo wa kuigiza wa Karel Čapek, mwandishi wa Kicheki, uliochapishwa mwaka 1920. Limetokana na neno la Kicheki lenye maana ya kazi ya kulazimishwa, ile ambayo watwana walimfanyia mwenye shamba. Katika mchezo huo watu wanatengeneza watumishi wasiohesabiwa kuwa na roho, wanawatumikisha mchana na usiku, mpaka watumishi wanaasi.

Niliposoma hayo, dada anayetusaidia kazi za nyumbani alikuwa anaosha vyombo. Alikuwa ametimiza mwaka na nusu kwetu. Nilijua anavyopika wali, nilijua sahani alizovunja. Sikujua mama yake anaitwa nani. Sisi tulikula mezani, yeye alikula jikoni, peke yake, baada yetu. Mtume Paulo anawaagiza mabwana wawape watumishi wao yaliyo haki, wakijua kwamba wao nao wanaye Bwana mbinguni (Wakolosai 4:1). Nimefundisha mstari huo katika vikundi vya akina mama mara nyingi. Ilinibidi nisome habari za mashine ndipo niuone katika nyumba yangu. Jioni ile nilimwita mezani. Alikataa mara mbili, akaja mara ya tatu.

Baadaye nilisoma habari za Octavia Butler, mwanamke mweusi wa Marekani aliyefariki mwaka 2006. Mama yake alikuwa mtumishi wa ndani, akiingia nyumba za matajiri kwa mlango wa nyuma. Alimletea binti yake vitabu vilivyotupwa na waajiri wake. Mtoto huyo akawa mmoja wa waandishi wakubwa wa hadithi za kisayansi. Mwaka 1979 alitoa kitabu cha tawi la kuvuka nyakati, ambamo mwanamke wa siku zake anavutwa ghafla kurudi enzi za utumwa, ili aone jinsi bibi zake walivyovumilia. Tazameni matunda ya mama aliyeokota vitabu jalalani kwa ajili ya mwanawe, wakati mimi nilikificha kimoja sandukuni.

Waandishi wenye imani, na wa kwetu

Wengine watauliza, je, Mkristo anaweza kuandika mambo haya? Anaweza. C. S. Lewis, ambaye vitabu vyake vya kutetea imani vimewajenga wengi, aliandika hadithi tatu za sayari kati ya mwaka 1938 na 1945. Madeleine L'Engle wa Marekani, mama na mwana Kanisa, aliandika habari za msichana anayevuka anga kumtafuta baba yake aliyepotea. Wachapishaji zaidi ya 20 walimkatalia. Kitabu kilitoka mwaka 1962, na mwaka uliofuata kikapata tuzo kubwa ya vitabu vya watoto nchini mwake. Msichana yule hamshindi adui kwa akili wala kwa silaha. Anamkomboa mdogo wake kwa kumpenda tu, kwa kuwa upendo ndio kitu pekee ambacho adui hana.

Nasi wa Afrika Mashariki tumo. Katama Mkangi wa Kenya alitoa mwaka 1995 riwaya ya Walenisi, juu ya mtu anayesafirishwa hadi ulimwengu mwingine ambako watu wanaishi kwa haki, na ukilikata jina hilo utasoma "wale ni sisi". Wanuri Kahiu, naye wa Kenya, alitoa mwaka 2009 filamu fupi iitwayo Pumzi, juu ya mwanamke anayeitwa Asha, katika siku ambazo maji yamekwisha duniani. Anapata mche mmoja hai, anautafutia mahali, anaunywesha maji yake ya mwisho. Mama yeyote aliyewahi kumwachia mtoto tonge lake ataielewa.

Nilimrudishia kitabu chake

Likizo ile haijaisha, nilikwenda chumbani kwa mwanangu. Safari hii nilibisha. Nikaweka kitabu kitandani, nikasema, "Nimekisoma chote." Akauliza nimeonaje. Nikamwambia, "Nimemwona mzazi aliyemkimbia mwanawe. Na nimejiona mimi. Nisamehe, mwanangu. Najua nimezaa nini. Nimezaa wewe."

Alikaa kimya muda mrefu, nami sikumharakisha. Kisha akanieleza. Shuleni walikuwa wanamwita jina la kejeli kwa sababu ya kigugumizi chake. Mihula miwili alikuwa hasemi darasani. Katika kitabu kile alikuwa amempata mwenzake, kiumbe anayejifunza kusema akitamani tu apokelewe. Kumbe sikuwa nimemnyang'anya jitu. Nilikuwa nimemnyang'anya rafiki aliyekuwa naye pale bwenini.

Wapendwa, sisemi kila kitabu ni chema. Vipo vyenye uchafu, na vipo vinavyomdhihaki Mungu. Maandiko yanatuagiza tujaribu mambo yote na kulishika lililo jema (1 Wathesalonike 5:21), na huwezi kujaribu usichokifungua. Kwa hiyo nawashauri haya:

1. Soma kabla ya kukataza. Hata kurasa ishirini zitakuonyesha njia.
2. Muulize mtoto ni nani anayemhurumia katika hadithi. Jibu lake litakuambia hali ya moyo wake.
3. Ukiona kurasa mbaya, zungumza naye kwa utulivu, kwa sababu, si kwa matusi.
4. Ukikosea, omba msamaha. Mzazi hapungukiwi heshima kwa kusema "nisamehe".

Sanduku langu sasa lina vitenge tu. Kitabu kiko rafuni, karibu na Biblia na vitabu vya nyimbo. Mwanangu bado ana kigugumizi, lakini akiwa nyumbani huniambia hadithi mpya alizosoma, nami huacha ninalofanya, nikasubiri mpaka neno la kwanza litoke.

Bwana awabariki, ninyi na watoto aliowapa.