Tabianchi Mikononi mwa Kaunti: Kenya na Mipango ya Mashinani

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 ilipogawa madaraka kati ya serikali kuu na kaunti 47, ilizikabidhi kaunti kilimo, huduma za maji, afya na hifadhi ya udongo, ambazo ndizo nyanja ambamo mabadiliko ya tabianchi, yaani kubadilika kwa mwenendo wa mvua na joto kwa kipindi kirefu, huonekana mapema katika maisha ya watu. Ni serikali kuu inayotia saini mikataba ya kimataifa, lakini kisima kinapokauka mwananchi humwendea mwakilishi wa wadi yake. Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ya mwaka 2016 ilizitaka kaunti ziingize hatua za tabianchi katika Mpango Jumuishi wa Maendeleo ya Kaunti, ambao ni mwongozo wa miaka mitano unaotangulia bajeti, zimteue waziri mmoja wa kaunti aratibu shughuli hizo, na kila mwaka wa fedha unapokwisha ziwasilishe ripoti mbele ya bunge la kaunti.

Agizo lisilo na fedha lina thamani ndogo, na hapo baadhi ya kaunti kame ziliitangulia serikali kuu. Isiolo ilikuwa uwanja wa majaribio ya Mfuko wa Kaunti wa Mabadiliko ya Tabianchi; Makueni ilitunga kanuni zake mwaka 2015 na kuutengea mfuko asilimia 1 ya bajeti ya maendeleo, na Wajir ikafuata kwa sheria ya mwaka 2016 iliyotenga asilimia 2. Kwa mpangilio uliotumika, asilimia 70 ya fedha ilikwenda kwa miradi ya wadi, 20 kwa miradi ya kaunti nzima na 10 kwa uendeshaji. Miradi ya wadi haikuteuliwa na maofisa wa makao makuu bali na kamati za wananchi wenyewe, huku wataalamu wa kaunti wakisaidia katika usanifu na makadirio ya gharama.

Uteuzi wa miradi uliofanywa na kamati hizo unaonyesha kwa nini mpango mmoja wa nchi nzima usingetosha. Katika Isiolo, Waborana wana dedha, baraza la wazee linaloamua malisho yapi yafungwe wakati wa mvua ili mifugo iyakute kiangazi kikikaza, na sehemu ya fedha za mfuko ilitumika kuliimarisha baraza hilo pamoja na kukarabati vyanzo vya maji, kwa kuwa lambo jipya likichimbwa pasipofaa huvuta makundi ya mifugo hadi kwenye nyasi za akiba na kuzimaliza kabla ya wakati. Makueni, yenye wakulima wengi na mito ya msimu, ilipendelea mabwawa ya mchanga: ukuta hujengwa kukinga mto, mafuriko huleta mchanga unaojaa nyuma yake, na maji hubaki ndani ya mchanga huo, mbali na jua lenye kuyakausha.

Mwaka 2021 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 150 ili kueneza utaratibu huo nchini, kwa sharti kwamba kaunti ziwe kwanza na sheria, mfuko na kitengo cha tabianchi. Sharti hilo liliharakisha utungaji wa sheria, ingawa sheria iliyopitishwa ili kufuzu kupata fedha hizo si lazima iwe imezaliwa na hoja za wenyeji.

Tatizo gumu zaidi ni mipaka. Mto Ewaso Ng'iro hupata maji kutoka miteremko ya Mlima Kenya na Aberdare, hupita Laikipia, kisha huingia Isiolo kabla ya kutokomea katika kinamasi cha Lorian. Maji yanayochotwa kwa umwagiliaji katika nyanda za juu hupungua kwa mfugaji wa chini, na vibali vya kuyachota hutolewa na mamlaka ya kitaifa ya rasilimali za maji, si na gavana wa Isiolo. Kamati ya wadi inaweza kupanga malisho yake kwa uangalifu mkubwa, lakini haina sauti juu ya mfereji ulio katika kaunti nyingine, na mpaka kaunti za bonde moja zitakapokaa na mamlaka hiyo kupanga mgao wa maji ya kiangazi, mpango wa Isiolo utakuwa unahesabu maji ambayo huenda yasifike.