Majina ya wapagazi yaliandikwa

Kila zinapokaribia ziara za shule, walimu wa Kilimanjaro wanaotaka kuwavusha wanafunzi Holili kwenda kwenye makaburi ya kijeshi ya Taveta, Kenya, huniuliza jambo lile lile: si kweli kwamba wapagazi wa Kiafrika waliolibebea mizigo jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia hawana makaburi kwa sababu enzi zile hakuna aliyeandika majina yao? Si kweli. Naomba lisirudiwe tena mbele ya watoto.

Jeshi la Waingereza halikuwa likilipa watu lisiowajua. Mpagazi aliandikishwa, akapewa namba, akaingizwa kwenye daftari la mishahara. Ndiyo maana vita ilipokwisha mwaka 1918, Nairobi kulibaki mishahara mingi ya wapagazi waliokufa kwa kuhara damu, nimonia, malaria na njaa, na Oscar Watkins, aliyekuwa mkuu wao, akaipigania ilipwe. Mshahara wa mtu asiye na jina haupiganiwi.

Kilichowafuta ni uamuzi wa ofisini. Mwanzoni mwa miaka ya 1920, tume ya Uingereza ya makaburi ya vita iliwauliza magavana maoni yao. Horace Byatt wa Tanganyika alitaka makaburi makubwa ya wapagazi, Dar es Salaam na kwingineko, yaachwe yarudi kuwa pori upesi. Akasikilizwa. Mzungu akawekewa jiwe lenye jina lake. Mpagazi akawekewa sanamu ya jumla. Itazameni ile ya Nairobi ya mwaka 1928: askari yupo, mpagazi yupo, maandishi ya Kiarabu, Kiswahili na Kiingereza yapo. Jina la marehemu hata mmoja halipo.

Aprili 2021 tume hiyo yenyewe ilikiri ubaguzi huo na kuomba radhi: watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri. Mwalimu anayeshikilia kwamba "hawakuandikwa" anaitetea serikali ya Byatt kuliko tume inavyojitetea.

Sasa ya safari. Shughulikieni mapema hati za kuvukia mpaka na vibali vya wazazi. Taveta, wanafunzi wanakili majina, vikosi na tarehe, kisha watafute mpagazi. Wasipomwona, waandike kwamba hawakumwona. Nendeni pia kwenye kilima cha Salaita, walikoshindwa askari wa Afrika Kusini wa upande wa Waingereza tarehe 12 Februari 1916, mwulize nani aliwabebea maji na risasi. Bajeti haitoshi? Dar es Salaam ina Sanamu ya Askari na ina Kariakoo, mtaa uliobeba jina la kikosi cha wapagazi. Nairobi ina Kariokor. Kabla ya kuondoka, kila mtoto aulize nyumbani ni nani wa ukoo aliyechukuliwa vitani.

Walimu wenzangu, msihesabu mawe mkadhani mmehesabu wafu. Wafundisheni watoto kwamba wapagazi walikuwa na majina, na kwamba kuna watu waliochagua kutoyachonga.