Kabla ya kupasuliwa uso: mambo ya kumwambia munganga

Mtu wa Pweto anayetaka kwenda Lubumbashi kurekebishwa pua, macho ao kovu la uso, amwambie kwanza munganga ukweli kuhusu mafuta ya kujichubua. Mengine yana kortizoni: ngozi inakuwa nyembamba, nyuzi hazishiki vizuri, kidonda kinachelewa kupona. Aseme pia kama makovu yake yanavimbaka. Ngozi nyeusi inapata keloidi zaidi, na kuikata tu kunaweza kuleta ingine kubwa kuliko ya kwanza. Anayevuta sigara aache angalau majuma 4 mbele, ndivyo OMS ilishauri mwaka wa 2020. Mwisho, ahesabu pesa ya kubaki Lubumbashi siku za kwanza: usaha ao damu ikitoka, Pweto ni mbali na munganga aliyemupasua.