Skrubu Inayokubaliwa na Mfupa

Katika soko la Naitiri, eneo bunge la Tongaren, huenda bado ukakutana na mzee ambaye akicheka, pengo linaonekana kwenye safu ya chini, mbele kabisa. Hakupigwa, wala meno hayakumwoza. Tongaren ni nchi ya mashamba ya walowezi yaliyogawiwa wananchi baada ya Uhuru, na waliohamia huko walikuja na mila zao. Wajaluo na baadhi ya Waluhya waling'oa meno ya mbele ya chini kama alama ya kukomaa. Sababu inayotajwa sana ni pepopunda: taya zikikaza, mgonjwa angenyweshwa uji kupitia pengo hilo.

Yanayotokea chini ya ufizi hayazungumzwi sana. Mfupa wa taya huishi kwa kufanyishwa kazi. Kila unapotafuna, mzizi wa jino huusukuma, nao hujijenga upya. Mzizi ukiondoka, mfupa huanza kuyeyuka. Ndani ya miezi 12 ukingo wa taya unaweza kupoteza karibu nusu ya upana wake, na sehemu kubwa ya hasara hiyo hutokea katika miezi 3 ya mwanzo. Ndiyo maana meno ya bandia yaliyokaa sawasawa siku ya kwanza huanza kucheza mdomoni baada ya miaka kadhaa. Pandikizi ni jambo jingine: ni skrubu inayozamishwa ndani ya taya, na jino hujengwa juu yake.

Ugunduzi kwamba mfupa hushika titaniamu ulikuja kwa bahati. Mwaka 1952, huko Lund, Sweden, mtafiti Per-Ingvar Brånemark alikuwa akichunguza mzunguko wa damu katika mifupa ya sungura kwa kutumia vifaa vidogo vya titaniamu. Alipotaka kuvitoa, havikutoka: mfupa ulikuwa umevishika. Mwaka 1965, mjini Gothenburg, Gösta Larsson akawa mtu wa kwanza kuwekewa mapandikizi ya Brånemark, na aliyatumia hadi alipofariki mwaka 2006.

Siri ya titaniamu iko kwenye ngozi yake. Ikikutana na hewa, papo hapo hujifunika utando wa oksaidi wenye unene wa nanomita chache tu. Mwili haugusi metali. Unagusa utando huo, ambao hauozi wala haupigani na seli. Wakenya tuna uhusiano wa karibu na madini haya kuliko tunavyodhani. Kuanzia mwaka 2014 hadi uchimbaji ulipokoma mwishoni mwa 2024, kampuni ya Base Titanium ilisafirisha kutoka Kwale, kupitia Likoni, mchanga wa rutili na ilmenaiti, ambazo ni oksaidi zenye titaniamu. Sehemu kubwa ya titaniamu inayochimbwa duniani huishia kwenye rangi nyeupe ya kuta, ya karatasi, hata ya dawa ya meno. Kinachofika tayani ni punje.

Sasa tuitazame skrubu kwa karibu. Za mwanzo zilichongwa kwa mashine zikawa laini, na mgonjwa aliambiwa asubiri miezi 3 kwa taya la chini na 6 kwa la juu. Baadaye wahandisi wakaanza kuzipiga kwa chembe ngumu, kisha kuzichovya katika tindikali, hadi uso ukapata mabonde yenye kina cha mikromita 1 hadi 2. Skrubu ikiingia, damu huganda kuizunguka na kutandaza nyuzi nyembamba. Juu ya metali laini nyuzi hizo hubanduka damu iliyoganda inaposinyaa, na seli za mfupa hukosa njia ya kupita. Juu ya uso uliokwaruzwa hushika, seli zikatambaa juu yake na kuanza kujenga mfupa pale pale kwenye titaniamu. Nyuso za aina hii zimewezesha kungoja wiki 6 tu kwa mtu mwenye mfupa mzuri. Ukizidisha ukwaruzo, bakteria nao hupata makao ufizi ukishuka.

Umbo nalo lina kazi yake. Titaniamu ni ngumu kupinda mara tano hadi kumi kuliko mfupa wa taya, kwa hiyo anayetafuna mahindi ya kuchoma kwa magego hurundika mzigo shingoni mwa skrubu. Wabunifu huweka hesi ndogondogo shingoni ili mzigo utawanyike, na hesi zenye kina kwa nyuma ya taya la juu, ambako mfupa ni mwororo.

Hata hivyo, kwangu mimi sifa za uso katika vipeperushi vya makampuni hutiwa chumvi. Anayesimika nguzo ya boma la ng'ombe anajua kwamba ikitikiswa kabla udongo haujashikana, haitakaza tena. Skrubu ikichezacheza zaidi ya takriban mikromita 150, mwili huizungushia kovu badala ya mfupa. Keekee ikiupasha mfupa joto la nyuzi 47 kwa dakika moja, seli hufa, ndiyo sababu daktari humwaga maji ya chumvi muda wote anapotoboa. Na karibu wiki ya 3 au ya 4, mfupa wa zamani unapoliwa na mpya haujakomaa, ushikaji huwa dhaifu kuliko wakati wowote, ilhali maumivu yamekwisha na mgonjwa amesharudia muwa wake.

Kuna tatizo jingine la kihandisi ambalo halitangazwi. Kila kampuni huunda maungio yake, na bisibisi ya moja mara nyingi haiingii kwenye skrubu ya nyingine. Mtu aliyepandikizwa Nairobi au India, jino likilegea akiwa Tongaren, daktari wa Kitale au Bungoma atamuuliza kwanza: ni aina gani, na kipenyo chake ni milimita ngapi? Jibu limeandikwa kwenye kadi aliyopewa siku ya upasuaji, iwapo aliidai.