Utangulizi: Moyo Ukilegea, Kichwa Kinafuata

Tuseme bibi wa miaka 72 ameshuka na daladala kutoka Kibosho kuja kliniki mjini Moshi. Miguu imevimba, usiku analala ameegemea mito mitatu. Mwezi uliopita alielezwa yote: kidonge cha kupunguza maji mwilini kila asubuhi, chumvi apunguze, uzito ajipime. “Ndiyo mwanangu, nimeelewa.” Leo kaongezeka kilo nne, na pakiti ya vidonge imeguswa mara mbili tu. Kwenye faili panaandikwa: hafuati masharti.

Karibu katika fani ya moyo na ubongo, inayoyatilia shaka maneno hayo mawili.

Ubongo ni takriban asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, ila hula karibu asilimia 15 ya damu inayosukumwa na moyo. Moyo ukilegea, mlaji huyu mkubwa huanza kupunjwa. Mara nyingi presha ya miaka mingi imeshakakamaza mishipa yake midogo. Na moyo unaodunda ovyo huacha damu igande, kisha bonge likapanda kichwani. Jarida la Lancet liliandika juu ya upotevu wa akili utokanao na moyo tangu 1977. Mapitio ya tafiti yaliyotoka 2017 yaliona dalili za kudhoofika kwa utambuzi kwa wagonjwa wa moyo uliolegea wapatao 4 kati ya 10.

Kinachotangulia kuponyoka mara nyingi ni umakini, kupanga mambo na wepesi wa kufikiri. Majina ya wajukuu bado yapo. Bibi atakusimulia mavuno ya kahawa ya zamani bila kukwama, lakini hataunganisha viatu vinavyombana leo na maji yanayomjaa. Nyumbani hawashtuki; wanasema ni uzee. Uzee gani? Wagonjwa wa moyo uliolegea waliochunguzwa hospitali ya Muhimbili, matokeo yakatoka 2014, walikuwa na wastani wa miaka 55.

Kupima ndiko kunakonifurahisha zaidi, na hapa wenyeji tuna cha kujivunia. Wilayani Hai, watafiti wa hospitali ya KCMC ya Moshi na wenzao wa Uingereza walikadiria kuwa asilimia 6.4 ya wenye miaka 70 na zaidi wana upotevu wa akili. Vipimo vya kigeni vilitaka mzee achore kwa kalamu, hata kama hajawahi kuishika. Kikatengenezwa kipimo kiitwacho IDEA. Unapanga njiti nne za kiberiti mezani, mzee anaiga kwa njiti zake, na vichwa vya njiti vielekee kulekule. Unamwuliza daraja ni nini (mtu anayeishi kati ya mito ya Karanga na Weruweru hapungukiwi jibu), kisha ataje wanyama kwa dakika moja. Kipimo hiki kililenga wazee wa vijijini. Kukipima kwa wagonjwa wa moyo ni kazi ninayokukabidhi, na uchague siku vizuri: aliyelazwa juzi, mapafu yamejaa maji, huweza kuchanganyikiwa kwa muda kisha akarudi sawa.

Ukimaliza njiti, uliza nani anatoa vidonge kwenye pakiti na nani anapika. Kwa bibi wa Kibosho, mtori unatiwa chumvi na mkwe wake, ambaye hajawahi kuitwa kliniki.