Je, Wajua? Mlima Nao ni Mtu!

Sogea karibu, leo tunapanda kwenye theluji! Je, wajua kwamba mbio za skii za kuteremka mlima huweza kuamuliwa kwa sehemu moja ya mia ya sekunde? Anayeshuka kwa kilomita 120 kwa saa husogea sentimita 33 tu katika muda huo, yaani rula ya shuleni na kidogo juu yake. Dhahabu hupatikana au hupotea hapo!

Na kuna siku hata hicho kipande hakikupatikana. Olimpiki ya Sochi, Urusi, 2014: Tina Maze wa Slovenia na Dominique Gisin wa Uswisi walishuka kila mmoja kwa zamu yake, na wote wawili wakatumia dakika 1 na sekunde 41.57. Zikatoka dhahabu mbili, fedha ikakosa mwenyewe!

Ngoja, hujasikia bado. Mwaka 2018 kule Pyeongchang, Korea Kusini, Ester Ledecká wa Ucheki, bingwa wa kuteleza kwa ubao mmoja, aliingia mbio za skii akiwa na skii za kuazima. Akashinda kwa sekunde 0.01! Alibaki ameukodolea macho ubao wa matokeo, haamini. Wiki moja baadaye akachukua dhahabu nyingine, safari hii kwa ubao wake. Na kwenye michezo hiyohiyo alikuwapo Sabrina Simader, Mkenya wa kwanza kushindana katika skii ya milimani kwenye Olimpiki. Piga makofi kidogo!

Unataka mwendo? Johan Clarey wa Ufaransa, mwaka 2013 kule Wengen, Uswisi, alipimwa kilomita 161.9 kwa saa katikati ya mbio. Mwenzake Simon Billy, kwenye mteremko wa kupimia mwendo mtupu kule Vars, Ufaransa, mwaka 2023, alifika 255.5. Miguu, skii mbili na mteremko, basi. Hakuna injini!

Sasa hebu nikuulize: nani huanzisha saa? Si mwamuzi, ni muundi wako! Kule juu kuna kijiti chembamba mbele ya miguu. Ukikisukuma tu, saa imeanza. Chini kuna mwali usioonekana kwa macho, na chochote chako kitakachoukatiza, mwili au kifaa, kinaisimamisha. Umeona? Kwa saa ile, hata ncha ya skii yako ni wewe.

Basi mtu anaishia wapi? Swali hilo lilimkosesha raha mwanafalsafa Mwingereza John Locke, na mwaka 1694 akaliongezea sura nzima kwenye kitabu chake. Akasema hivi: kidole chako kidogo kikikatwa, na kujitambua kwako kukaondoka nacho, basi wewe ni kidole! Mwili uliobaki si wewe tena. Kitazame kidole chako sasa hivi.

Mwanafalsafa Ifeanyi Menkiti wa Nigeria akaja na jambo kubwa zaidi mwaka 1984. Alisema kwamba katika fikra za jadi za Afrika mtu hazaliwi akiwa mtu kamili. Utu huupata polepole ndani ya jamii, na anaweza hata kuukosa. Kwa hiyo mzee ana utu zaidi kuliko mtoto mchanga! Mghana Kwame Gyekye akapinga: mtu ni mtu tangu kuzaliwa. Wewe uko upande gani? Mimi, nikimtazama mtoto mchanga anavyonishika kidole, niko kwa Gyekye.

Na hii usiikose. Mwaka 2017 New Zealand iliupa mto Whanganui hadhi ya mtu kisheria, wenye haki na wajibu. Januari 2025 ikawa zamu ya mlima Taranaki, volkano ya mita 2,518 ambayo Wamaori wa huko huiita babu yao. Bunge lilipitisha sheria yake bila kura hata moja ya kupinga! Wasemaji wa mlima huo ni wanane: wanne kutoka makabila ya Wamaori, wanne huteuliwa na waziri.

Na je, wajua upande wa mashariki wa Taranaki kuna nini? Uwanja wa skii!