Simulizi Kabla ya Simulizi: Utangulizi wa Tamthilia za Televisheni

Utangulizi wa tamthilia ya televisheni, yaani kile kipande kifupi cha picha na muziki kinachobeba majina ya waigizaji na watayarishaji, huchukuliwa na watazamaji wengi kuwa pambo tu. Hata hivyo, naratolojia, ambayo ni taaluma inayochunguza jinsi visa vinavyopangwa na kusimuliwa, inadhihirisha kuwa kipande hicho nacho ni simulizi, tena simulizi inayomwandaa mtazamaji kuifuata ile inayokuja.

Mnamo mwaka 1987, mwananadharia Mfaransa Gérard Genette alieleza kuwa kitabu hakimfikii msomaji kikiwa kitupu, bali huzungukwa na jina, jalada na dibaji, mambo aliyoyaita paratekisti na kuyafananisha na kizingiti cha mlango. Utangulizi wa tamthilia hufanya kazi hiyo hiyo, kwa kuwa majina yanayopita kwenye kioo ni ya watu halisi, ilhali picha zilizo nyuma yake ni za ulimwengu wa kubuni.

The Sopranos, tamthilia ya Marekani iliyoanza kuonyeshwa mwaka 1999, ni mfano ulio wazi. Mhusika mkuu, Tony, anatokea kwenye handaki linalotoka New York, anachukua tiketi ya barabara ya kulipia, kisha anapita kwenye viwanda, maduka na nyumba ndogo za New Jersey hadi kwenye nyumba yake kubwa, ambako anashuka na kufunga mlango wa gari. Kamera imeketi humo garini pamoja naye, ikimwonyesha vipande vipande, mara mkono, mara sigara, mara macho, na hivyo mtazamaji anauona mji kwa mtazamo wa Tony kabla hajamfahamu vizuri. Swali la yeye ni nani ndilo ambalo mwananadharia mwingine, Roland Barthes, angeliita fumbo, yaani jambo linalofichwa ili kuzua taharuki.

Safari hiyo, kwa kuwa inarudiwa katika kila kipindi, haisomeki kama tukio la siku moja bali kama mazoea, jambo linalokaribiana na kile Genette alichokieleza kuwa ni kusimulia mara moja yale yanayotokea mara nyingi. Baada ya mashambulizi ya Septemba 2001, picha ya majengo pacha ya World Trade Center, iliyokuwa ikionekana kwenye kioo cha pembeni cha gari, iliondolewa kuanzia msimu wa nne, na badiliko hilo dogo likauhamisha ulimwengu wa Tony hadi wakati mpya bila mhusika yeyote kutamka neno.

Game of Thrones (2011–2019) ilichukua njia tofauti, kwani ramani ya utangulizi wake ilibadilika kulingana na maeneo yatakayohusika katika kipindi. Kwa hiyo, mtazamaji anayebonyeza kitufe cha kuruka utangulizi, ambacho Netflix ilikianzisha mwaka 2017, huokoa muda kidogo, lakini hukosa maelezo ambayo msimulizi ameamua kuyatoa hapo tu.